Wiki tatu na harufu ya petroli ndani ya gari

Wa kwanza kusema alikuwa mke wangu, na nilimjibu hovyo. Tumekaa kwenye gari asubuhi, hata hendibreki sijatoa, akasema hii gari inanuka petroli. Mi nikamwambia si nimejaza tanki jana usiku, itakuwa imemwagika kidogo pale kwenye mdomo, shusha kioo twende. Akashusha kioo. Kesho yake akasema tena, siku ya tatu akanyamaza, na mimi nikajipongeza kwamba harufu imeisha. Kumbe haikuisha popote, pua zetu ndo zilichoka. Ukikaa ndani ya harufu moja kwa muda pua inaizoea halafu inaacha kukuambia, na kwa petroli huo ni ubaya mkubwa kwa sababu kwenye gari nyingi hiyo harufu ndio kengele pekee unayopewa, hakuna taa ya dashibodi inayosema "mafuta yanavuja huku, shuka".

Wiki tatu zilipita hivyo. Watoto wanapanda, wanashuka, mmoja analalamika kichwa kinamuuma tunamwambia anywe maji. (Hii bado inaniuma kuiandika. Mvuke wa petroli una benzeni ndani yake, kitu kinachojulikana kusababisha saratani ya damu ukikivuta muda mrefu, na mimi nilikuwa nafunga vioo nawasha AC.)

Aliyetuokoa ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye kwanza sio fundi, anapenda magari tu. Alifungua mlango wa mbele, akaweka mguu mmoja ndani, akautoa.

"Shemeji, hii gari siipandi."

"Kwa nini tena?"

"We huisikii? Zima. Fungua boneti. Na hiyo simu yako washa tochi, mtu asije na kiberiti hapa."

Nikafungua boneti nikiwa na uhakika hatutaona kitu, na kweli hatukuona kitu. Kila kitu kikavu. Mimi nikaanza kutabasamu lakini yeye akawa ameinama anaangalia juu ya gia boksi, akanionesha kwa tochi: vumbi lote pale juu ni la kijivu, limeganda na oili ya miaka, ila kuna sehemu moja kama upana wa vidole viwili ni safi, chuma kinang'aa, mchirizi unashuka kama njia ya machozi kwenye uso wenye vumbi. Petroli inaosha halafu inakauka. Haiachi doa jeusi kama oili, haiachi kidimbwi, inaacha usafi. Tangu siku ile nikifungua boneti yoyote macho yangu yanatafuta mahali palipo pasafi kuliko penzake.

Akaniambia ingia, zungusha swichi bila kupiga stata, mi nitaangalia. Gari za injekta (zile zinazopuliza mafuta kwa sindano za umeme) ukiweka swichi on pampu ya kwenye tanki inalia zzzz kama sekunde mbili hivi, inajaza presha kwenye paipu halafu inatulia mpaka upige stata. Nikazungusha. Zzzz. Akapiga kelele "zima zima zima!" nikatoka nikakuta anaangalia uzi wa petroli mwembamba kama unywele unaruka kutoka chini ya klipu, unaenda juu kidogo, unapinda, unaangukia kwenye gia boksi. Baada ya dakika hivi hapakuwa na kitu tena, pamekauka kabisa, kama tumeota. Ndio maana kwa wiki tatu chini ya gari hapakuwa na tone hata moja, yote ilikuwa inapotelea hewani kabla ya kufika sakafuni.

Sasa ile klipu ilifikaje pale. Mwezi mmoja nyuma nilibadilisha filta ya mafuta. Paipu nyingi za gari za siku hizi ni za nailoni, zina viungo vya plastiki vya kubonyeza, unabonya vidole viwili kinaachia, na vikizeeka kwa joto la injini vinakuwa vikavu, ukivilazimisha vinapasuka. Changu kilipasuka. Fundi akakata kile kipande cha mwisho akaunganisha kwa mpira mweusi urefu wa shubiri moja, klipu huku na klipu kule, gari ikawaka. Nikamsifia. Na nisimtupie lawama zote, kwa sababu aliniuliza kabisa, bosi tusubiri paipu yake au tuweke hii kwanza, mi nikasema weka yoyote nina haraka. Ule mpira ulikuwa wa maji. Nina uhakika kwa sababu ninao mpaka leo, nimeuning'iniza ukutani kwenye stoo: kwa nje hauna maandishi hata herufi moja, na ndani umevimba, umekuwa laini kama fizi, ukiuminya unaacha weusi kwenye vidole. Mwezi mmoja tu.

Mpira wa maji na mpira wa mafuta kwa macho ni ndugu mapacha, weusi wote, unene mmoja, na hapo ndo watu tunapoingia mkenge. Mpira wa maji umetengenezwa kwa kemikali ambayo maji na kulanti (maji ya rejeta) haviisumbui ila petroli inaingia ndani yake inaivimbisha inailegeza. Mpira halisi wa mafuta umeandikwa ubavuni. Wa kiwango cha Wamarekani utaona SAE J30 halafu R na namba. R6 na R7 ni za presha ndogo, mambo ya kabureta (ile ya gari za zamani kabla ya injekta), mambo ya paipu ya kurudishia na mvuke. R9 ni wa injekta, ndani una tabaka maalum ambalo petroli haipenyi kirahisi. R10 ni wa kuzama ndani ya tanki, kwa sababu mpira ukizama unashambuliwa ndani na nje kwa pamoja na ule wa kawaida ganda lake la nje halijatengenezwa kuogelea. Mtu akibadilisha pampu ndani ya tanki akaweka kipande cha R7 au hata R9 kwa sababu "si ni mpira wa mafuta", baada ya muda unachanika humo ndani. Bahati nzuri hapo unavujia ndani ya tanki kwa hiyo hakuna moto, unapata tu gari isiyo na nguvu, unabadilisha plagi, unabadilisha koili, unabadilisha fundi, tatizo lipo palepale.

Lakini kitu ambacho mimi sikukielewa kabisa, na naona wengi hatukielewi, ni presha. Tulikua tukiona watu wanavuta petroli kwa mdomo, wanafunga mpira kwa waya, wanafunga kwa kamba ya nguo ya zamani, na gari inaenda. Ni kweli ilienda, gari ya kabureta pampu yake inasukuma kama robo ya bar (bar ni kipimo cha presha), pengine nusu, ni kama maji ya bomba yanayochuruzika tu. Gari ya injekta ya kawaida inasukuma bar 3 mpaka 4. Tairi lako la gari ndogo unalijaza kama bar 2.3. Yaani kile kipande cha mpira chembamba kilichofungwa kwa klipu ya kukaza na bisibisi kinabeba presha kubwa kuliko tairi, muda wote injini inapowaka, na ndani yake sio hewa. Kikichomoka pampu haijui kama imechomoka, inaendelea kumwaga zaidi ya lita moja kwa dakika juu ya injini ya moto mpaka injini ikose mafuta izime. Gari mpya zaidi za kudunga petroli moja kwa moja ndani ya silinda zinaenda bar 200, nyingine 350. Dizeli ya komoni reli, ile ambayo injekta zote zinalishwa na bomba moja la presha, inapita 1600, zipo za 2000 na zaidi. Hapo hatuongelei mpira tena, ni paipu za chuma nene, na nyingi mtengenezaji anasema ukiifungua usiirudishe, weka mpya.

Na kwa hizo za presha kubwa kuna jambo moja nitalisema kwa ukali kidogo: usipitishe kidole kutafuta mafuta yanapovujia injini ikiwa inaunguruma. Uzi wa dizeli unaotoka kwenye tundu usiloliona unapenya ngozi kama sindano. Kwa nje utaona kama umechomwa na mwiba, hata hauumi sana mwanzoni, unafuta damu unaendelea na kazi, na ndani ya kidole dizeli imeshatembea mpaka kiganjani inaua nyama. Hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, na unawaambia waziwazi kwamba ni dizeli ya presha, maana daktari akikuangalia juu juu atakupa plasta. Watu wamekatwa vidole kwa hii.

Turudi kwenye petroli. Kwa nini gari yangu haikushika moto kwa wiki tatu? Hili swali nilimuuliza shemeji na jibu lake lilinitoa usingizi, akasema ilikuwa inapulizwa. Petroli yenyewe ya maji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko lazima uwe kwenye kipimo fulani, kama asilimia 1.4 ya mvuke mpaka 7.6 hivi. Chini ya hapo hewa ni nyingi mno, juu ya hapo mvuke ni mwingi mno. Gari ikitembea upepo unaingia kwenye gridi unaosha kila kitu, unabaki chini ya kipimo. Ukisimama kwenye foleni upepo umekata, injini imechemka, mvuke ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne kwa hiyo haupandi juu ukaondoka zake, unashuka unajikusanya huko chini kwenye pembe za injini. Na ukizima gari ndo kabisa, kwa dakika kadhaa baada ya kuzima joto chini ya boneti linapanda kwa sababu hakuna kinachopoza, na feni ya rejeta kwenye gari nyingi inaweza kuwaka yenyewe wakati wewe umeshafunga mlango unaenda zako. Mota ya feni ina brashi, brashi zina cheche. Mimi kila siku napaki gari ukutani, juu ya huo ukuta kuna dirisha la chumba cha watoto.

Na usijidanganye na baridi, petroli inatoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli kwa hilo ni mpole, inahitaji joto la nyuzi 50 na kitu kwenda juu ndo mvuke wake ushike moto, ndio maana ukitupia njiti kwenye dizeli baridi inazima. Lakini watu wanachukua huo upole wanaufanya kuwa usalama. Dizeli ikiangukia kwenye chuma cha moto inajiwasha yenyewe kwa joto dogo kuliko linalohitajika na petroli, bila cheche yoyote, na manifoldi ya ekzosti (bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini) ya gari iliyotoka kupanda mlima inaweza kupita nyuzi 500. Turbo ndo usiseme.

Baada ya lile tukio nikawa mgonjwa wa paipu. Kila gari ya rafiki nainama. Na nilichogundua ni kwamba sehemu zinazoharibika ni zilezile. Paipu za chuma zinazopita chini ya bodi kutoka tanki kwenda mbele haziozi katikati ambako unaona, zinaoza pale zilipobanwa na vile vishikizo vya plastiki, maana matope na chumvi vinakaa humo na maji hayakauki. Ukipita na tochi unaona paipu nzima nzuri, sogeza kishikizo kidogo, chini yake kuna kutu imeinuka kama magamba. Mpira nao unapasuka kwenye kona na kwenye ncha, chini ya klipu, kwa hiyo uukunje kidogo kwa vidole ndo nyufa zinafunguka, ukiuangalia umelala utasema bado. Injini inatikisika na bodi haitikisiki, kwa hiyo kipande kinachounganisha hivyo viwili kinatakiwa kiwe na uhuru, fundi akikikata kifupi ili kipendeze amekihukumu. Panya nao, sijui wanapenda nini kwenye nailoni, ila ukipaki muda mrefu wanatafuna, unakuta meno kabisa.

Halafu kuna oringi za injekta. Zile pete ndogo za mpira, juu moja na chini moja. Watu tunapeleka injekta kusafishwa, zinasafishwa vizuri zinarudi zinapuliza kama mpya, halafu zinarudishwa na oringi zilezile za miaka kumi ambazo zimeshakuwa ngumu kama plastiki. Zikirudi hazikai. Na chini ya ile reli ya injekta, bomba linalozigawia mafuta, mara nyingi, kulingana na injini, kuna manifoldi ya moto au waya za plagi. Oringi mpya, tone la oili safi, inaingia yenyewe kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikikataa usiipige, imekaa upande.

Gari za zamani sana zina mgogoro wake na petroli yenye ethanoli. Mipira ya enzi zile haikutengenezwa kwa ajili ya pombe, inakauka, inapasuka, mingine inayeyuka inakuwa kama lami inaziba jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta. Uingereza walipofanya petroli ya ethanoli asilimia 10 kuwa ya kawaida mwaka 2021, wenye magari ya kale ndo waliopiga kelele, na walikuwa na haki. Kama unamiliki mkongwe, badilisha mipira yote kwa pamoja na uandike tarehe.

Na sio kila paipu mbovu inavuja nje. Baadhi ya dizeli za zamani pampu iko mbele kwenye injini, inavuta kutoka tanki, kwa hiyo tundu likitokea katikati halimwagi mafuta, linavuta hewa. Asubuhi unapiga stata mpaka betri inalia, ikishawaka inatembea vizuri siku nzima, watu wanakuuzia betri, wanakuuzia plagi za kupasha. Petroli za injekta dalili mojawapo ni ile ya kuchelewa kuwaka ukiwa umepaki usiku, kwa sababu presha imeshuka, ingawa hiyo inaweza kuwa vali ya pampu pia, sio lazima paipu. Ukiweka swichi on, zzzz, off, on tena, zzzz, halafu ndo upige stata, ikiwaka papo hapo basi umeshapata pa kuanzia.

Kitu kingine kinachonikera, na hapa nitaudhi mafundi kadhaa, ni kupiga pampu direkti. Rilei, ile swichi ya umeme inayowasha pampu, imekufa au waya umekatika, umekwama, fundi anachukua waya kutoka kwenye swichi anaupeleka moja kwa moja kwenye pampu. Inawaka, mnashangilia. Lakini ile rilei haikuwepo pale kwa ajili ya mapambo. Kompyuta ya injini isipoona injini inazunguka inaikatia pampu umeme, ndio maana ile zzzz inaishia sekunde mbili. Gari nyingi zikifyatua eabegi pampu inazimwa hapohapo, na baadhi ya Ford zina swichi ndogo ya kitufe inayojiruka yenyewe gari ikipigwa, mpaka uibonyeze tena kwa mkono. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya matanki ya mafuta, ile namba 34, inakubali baada ya ajali ya majaribio kuvuja gramu 30 tu kwa dakika. Vijiko viwili vitatu hivi. Ukipiga direkti gari ikigongwa paipu ikakatika, swichi iko on, wewe umebanwa na usukani, pampu inaendelea kumwaga bila kujua chochote. Ukilazimika kupiga direkti ili utoke porini, sawa, ukifika ulipokuwa unaenda uung'oe ule waya siku hiyohiyo.

Watengenezaji wenyewe sio malaika pia. Ford ya Pinto iliyoitwa irudi mwaka 1978, gari kama milioni 1.5, tatizo lilikuwa tanki na mdomo wake wa kujazia ukigongwa nyuma, na kesi zake bado zinasomeshwa. Mwezi Novemba 2022 kampuni hiyohiyo iliita SUV zaidi ya laki 6 duniani, Escape na Bronco Sport za injini ya lita 1.5, kwa sababu injekta inaweza kupasuka na petroli ikaangukia sehemu za moto. Wito wa aina hiyo unaenda kwa mwenye gari anayejulikana. Gari ikishauzwa mara tatu nne, barua inaenda kwa mtu ambaye hata rangi yake ameshaisahau. Tovuti za watengenezaji wengi zina sehemu unaweka namba ya chesisi inakuambia kama kuna wito haujafanyiwa kazi. Mi niliangalia usiku uleule, yangu haikuwa na kitu, tatizo langu lilikuwa shubiri moja ya mpira wa maji.

Tulivyoitengeneza sasa. Shemeji hakukubali niguse chochote mpaka presha itoke, kwa sababu gari ikizimwa presha inabaki kwenye paipu, pengine masaa mengi, ukilegeza klipu inakupiga usoni. Tukachomoa fyuzi ya pampu, tukawasha injini ikaunguruma kidogo ikakohoa ikazima, tukapiga stata mara mbili tena kavu, tukafungua kifuniko cha tanki kikatoa pumzi, tukaiacha ipoe, tukatoa waya wa negative wa betri. Nje, kwenye hewa, sio ndani ya gereji iliyofungwa. Bado tulipolegeza ilitoka kama robo kikombe, tambara likainywa.

Paipu mpya ya nailoni yenye kiungo chake ilichukua siku tano kupatikana na kwa siku tano gari haikutembea, nilipanda za watu. Ningeweza kuweka R9 na klipu za injekta, zile zenye mkanda laini usio na matundu, zinazokaza kwa boliti na nati, na sio dhambi kama ncha ya paipu ina ile nundu ya kuzuia mpira usichomoke. Ya kwangu haikuwa nayo, ilikuwa nailoni iliyokatwa kwa kisu, laini, na klipu ya bisibisi ilikuwa imeshaanza kuukata mpira kwa yale matundu yake. Mpira ulikuwa umebakiza kama milimita nne kuchomoka. Nilipima kwa rula baadaye, sijui kwa nini nilipima.

Ukisikia harufu ukiwa barabarani, simama pembeni, zima, shusha watu wote, sogeeni mbali. Usirudi kuwasha "uone inatokea wapi", hiyo akili nilikuwa nayo mimi. Na kama moshi umeshaanza kutoka kwenye boneti usiifungue yote, ukiifungua umeupa moto hewa uliyokuwa unaikosa. Ukiwa na mtungi wa pauda lengesha kwenye uwazi mdogo wa boneti au kwenye gridi, piga, rudi nyuma. Ule mtungi mdogo wa gari unaisha kwa sekunde chache, kwa hiyo moto usipozima hapo basi, waachie zimamoto, gari ni bati. Maji usimwage, petroli inaelea juu yake inasafiri nayo.

Basi tulifunga ile paipu, tukawasha, kavu. Miezi saba safi kabisa. Juzi amekuja tena nyumbani, akafungua mlango wa nyuma, akasimama hapohapo, hajaingia.

"Shemeji. Umejaza tanki?"

"Jana, mpaka juu."

"Na ukikata kona inanuka zaidi?"

Nikafikiria. Sikuwa na jibu kwa sababu pua yangu kwa mara ya pili ilikuwa haijaniambia chochote.

"Toa siti ya nyuma," akasema, akaanza kukunja mikono ya shati.

Chini ya siti kuna kifuniko cha bati, chini yake kichwa cha pampu, na kukizunguka vumbi lote limeganda isipokuwa upande mmoja, pasafi, panang'aa. Pete ya mpira ya kuzibia ilikuwa imebanwa vibaya, imekunjika kama ulimi uliotolewa nje. Mimi mwenyewe ndiye niliyeifunga hiyo, mwezi uliopita, nikibadilisha geji ya mafuta.